Hivi "dirty" lina maana ngapi? Nadai "chafu" halitoshi hata robo

#1 Kalamu Nyeusi
Wakuu, salaam.

Nafasiri kwa kazi, Kiingereza kwenda Kiswahili. Neno linalonisumbua kuliko istilahi zote za sheria na tiba ni hili ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua: "dirty". Ukimuuliza atakwambia "chafu", na mwalimu atampa vema. Lakini kwenye mkataba wa usafirishaji lina maana yake, kwenye mwongozo wa kompyuta lina nyingine, kwenye kitabu cha mapishi nyingine tena, na katika hivyo vyote hakuna kinachotakata kwa maji na sabuni.

Dai langu: Mwingereza anasema "dirty" kwa chochote ambacho hakiko katika hali inayotakiwa. Sisi "chafu" tunalitumia kwa kinachotia kinyaa. Haya maneno mawili yamekutana kwenye shati lenye tope, basi, baada ya hapo kila moja linakwenda kwao. Mwenye mfano wa fani yake aulete, na anayepinga apinge kwa hoja.

#2 Kijana wa Sinza
Nawahi siti ya mbele. Wataalamu njooni.

#3 Wakala Kurasini
Mkuu, kwetu forodhani neno hili linakula hela za watu. Hati ya shehena, wenyewe tunaita BL, iko safi au iko "dirty". Chafu si kwamba imemwagikiwa chai. Ni kwamba nahodha au wakala wake ameandika dosari juu yake: magunia yamelowa, mabati yana kutu, idadi pungufu. Ukiipeleka benki iliyotoa barua ya dhamana ya malipo (LC) wanakurudishia, malipo yanasimama, na mzigo unaendelea kulipiwa gharama za kukaa pale bandarini. Kanuni za kimataifa zinazotumiwa na mabenki, UCP 600 za mwaka 2007, zinasema benki ipokee hati safi tu. Na kanuni hizo hizo zinasema si lazima neno "safi" liandikwe popote. Usafi wa BL ni kutokuwepo kwa maneno. Hapo mfasiri utafanyaje?

#4 Baharia Mstaafu
Nimefanya kazi kwenye meli za mafuta. Huko meli yenyewe inaitwa chafu au safi kutokana na inachobeba. Mafuta ghafi na mafuta mazito ya mitambo ni "dirty". Petroli, dizeli na mafuta ya ndege ni "clean". London wana hata kipimo cha nauli za meli chafu peke yake na kingine cha meli safi, na madalali wanakiangalia kila siku ya kazi. Sitaha ya meli "chafu" unaweza kulala na shuka nyeupe, watu wanapiga brashi kutwa.

Ila mleta mada, napinga dai lako la kinyaa. Sisi tunasema bahari imechafuka. Kusi likikaza mwezi wa saba, nani anaona kinyaa na bahari? Na Mwingereza baharini anasema vilevile, "dirty weather". Mabaharia wa lugha mbili wameliona jambo moja.

#5 Bint Mrima
Ahsante Baharia, nilikuwa naja na hilo hilo. Bahari imechafuka, hali ya hewa imechafuka, tumbo limechafuka, roho inachafuka mtu akitaka kutapika, na mkutano ukivunjika kwa viti kurushwa hali imechafuka. Mimi naona asili ya kitenzi hiki ni kuvuruga. Kitu kilikuwa kimetulia kikakorogwa. Kinyaa kinakuja baadaye, na pengine hakiji kabisa.

Lakini nikubali upande mmoja wa Kalamu. Kwa uchafu wenyewe hasa, ule wa mwilini na nyumbani, Kiswahili hakisemi "chafu" kwa kila kitu. Uliogandana shingoni ni nongo. Wa menoni ni ukoga. Wa machoni asubuhi ni tongotongo. Wa sufuria ni masizi. Harufu ya samaki mkononi ni shombo, ya kitu kilichooza ni uvundo. Bibi yangu akikwambia "mtoto mchafu" bila kutaja wapi, ujue hana muda na wewe. Akikupenda atakwambia hasa: nenda kasugue ukoga.

#6 Fundi Data
Kwa kompyuta ngoja nieleze, maana najua ndiko kulikomtesa mleta mada.

Data ikiwa kwenye kumbukumbu ya muda na ikabadilishwa, lakini mabadiliko hayajaandikwa kwenye diski, ule ukurasa unaitwa "dirty". Mashine inaweka alama ndogo ya kuonyesha hivyo, na baadaye ikipata nafasi inauandika, unakuwa "clean". Umeme ukikatika kabla ya kuandikwa, kazi yako imekwenda. Kwa hiyo ukurasa "mchafu" ndio wenye habari mpya na sahihi kuliko ule wa diskini! Ukifasiri "chafu", mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atadhani data imeharibika aifute. Mimi darasani nasema "ukurasa usiohifadhiwa".

Kuna na kasoro maarufu ya kiusalama ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, iliyotangazwa mwaka 2016, Dirty COW. Ilikuwa imelala ndani ya mfumo tangu 2007. COW pale ni kifupi cha "copy-on-write", utaratibu wa kunakili pale tu unapoandika.

#7 Kijana wa Sinza
Ng'ombe mchafu kakaa miaka tisa zizini na wataalamu mpo 😂

#8 Baharia Mstaafu
Fundi #6, na sisi tuna COW yetu. Ni "crude oil washing", kuosha matangi kwa mafuta ghafi yenyewe. Wakati wa kushusha, sehemu ya mzigo inapigwa kwa presha kwenye kuta za tangi, inayeyusha tope la mafuta lililoganda. Maji hayaliwezi tope lile, mafuta ghafi yanaliweza. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari unazilazimisha meli kubwa za mafuta ghafi kuwa na mfumo huo.

#9 Kalamu Nyeusi
Kinachosafisha ndicho hicho kinachoitwa kichafu. Ahsante mzee, hii naiweka.

#10 Sista wa Zamu
Naomba na upande wa thieta. Majeraha ya upasuaji tunayagawa madaraja manne, na la nne ndilo linaitwa "dirty". Sasa wakuu, kijana wa bodaboda kaletwa sasa hivi, goti limefunguka, lami na mchanga umejaa. Daraja gani? Wengi mtasema la nne. Hapana, ni la tatu. Jeraha bichi la ajali, hata likiwa na kokoto, linahesabiwa limeingiliwa na vijidudu lakini bado si "dirty". La nne ni kidole tumbo kilichopasuka usaha ukamwagika ndani, au kidonda cha zamani chenye nyama iliyokufa. Kwa macho mgonjwa wa tumbo alikuja ameoga, na kanzu imepigwa pasi.

Na sisi wenyewe tukishanawa hadi viwikoni tunahesabika bado hatujafaa kugusa vifaa mpaka tuvae glavu za thieta. Nikikuna pua tu, naanza upya. Kwa hiyo dai la #1 mimi naliunga mkono: ni suala la mpangilio, macho hayana kauli.

#11 Mtu wa Lushi
Jambo jamani, mie niko Lubumbashi. Huku kwetu tunasema buchafu, na Kifaransa kiko mdomoni kila saa, basi niwape mfano wa hapo.

Neno lao "sale" likikaa nyuma ya mtu, ni mtu hajaoga. Likitangulia mbele yake, ni mtu mbaya, mwenye roho mbovu, hata kama ananukia marashi. Mahali pa neno ndipo panageuza maana. Na hali ya hewa mbaya wanasema "sale temps". Kwa hiyo Baharia, Mfaransa naye yumo. Mimi sioni kama jambo la Kiingereza peke yake.

#12 Maktaba ya Kijiji
Mtu wa Lushi umenifungulia mlango, maana aliyelieleza jambo hili vizuri alifanya utafiti wake huko huko Kongo. Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikaa na Walele wa Kasai mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950. Mwaka 1966 akatoa hoja ambayo mpaka leo inafundishwa vyuoni: uchafu ni kitu kisicho mahali pake. Kiatu si kichafu, ila kukiweka juu ya meza ya chakula ni uchafu. Wali sahanini ni chakula, ukidondokea kwenye shati ni uchafu. Hapo BL ya Wakala, kurasa za Fundi na pua ya Sista vyote vinaingia.

Na Walele walikuwa na kakakuona. Mnyama ana magamba kama samaki, anapanda miti, anazaa mtoto mmoja kama binadamu. Haingii kundi lolote. Walele hawakumfanya mchafu, walimpa heshima ya ibada.

#13 Kalamu Nyeusi
Maktaba, nyongeza ndogo: Douglas mwenyewe aliliita hilo ni fasili ya zamani, hakudai kuwa ni yake. Wengi husema ilitoka kwa mwanasiasa Palmerston wa karne ya 19. Alichofanya ni kuijengea nadharia.

#14 Mwana wa Mpunguzi
Kakakuona hata huku Dodoma akionekana hagusiki hivi hivi. Wazee wanamwekea maji, mahindi, mkuki, wanangoja aende wapi. Akienda kwenye maji, mvua. Akienda kwenye mkuki, mjiandae.

#15 Kijana wa Sinza
Akienda kwenye BL?

#16 Wakala Kurasini
Basi mzigo wako umekwama mdogo wangu.

#17 Ustadh Barazani
Assalaam alaykum. Nimesoma toka mwanzo. Fasili ya huyo bibi Douglas nzuri, lakini kwetu pwani kuna mizani mbili na yeye anazichanganya katika moja. Kuna uchafu na kuna najisi. Tope la njiani baada ya mvua, asili yake si najisi. Ukiswali na shati lina doa la tope, swala yako iko. Shati jeupe la sanduku likidondokewa tone la mkojo, doa halionekani, ila ni najisi. Mtu anaweza kuwa msafi asiye na twahara, na anaweza kuwa na vumbi kichwani na twahara anayo.

Na zaidi ya hapo, udongo unatwahirisha. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi wa mwambao, chombo alichoramba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Maji yakikosekana mtu anatayamamu kwa udongo. Sasa nasikia Marekani udongo na uchafu wana neno moja tu, "dirt". Hilo mimi ndilo linalonishangaza kuliko BL.

#18 Mswahili Houston
Kweli ustadh. Huku barabara ya vumbi ni "dirt road", na mtu wa bustani anaenda dukani kununua "dirt" kwenye mifuko, analipa dola zake. Shambani, michezoni, ni neno la kawaida kabisa, halina dharau. Na miaka ya ukame na dhoruba za vumbi huko Oklahoma na majirani zake, ya 1930, wanaikumbuka kama "Dirty Thirties". Tarehe 14 Aprili 1935 mchana uligeuka giza, siku ile wameipa jina la Jumapili Nyeusi.

Halafu vyakula. Louisiana, jirani zetu hapa, wana wali unaitwa "dirty rice", umekatiwakatiwa maini na firigisi za kuku mpaka ukabadilika rangi. Mimi naupenda. Migahawani chai ya maziwa na viungo ikitiwa kahawa kali inaitwa "dirty chai". Jiulizeni hiyo chai wameitoa lugha gani, halafu wakaichafua.

#19 Bint Mrima
Chai na kahawa kikombe kimoja! Hapo neno limekaa sawa kabisa. 😅

#20 Kalamu Nyeusi
Tukiwa kwenye "dirt": wanaisimu wanaitoa kwenye Kinorsi cha kale, "drit", maana yake mavi. Kiingereza cha zamani walisema hivyo hivyo "drit", baadaye r na i zikabadilishana nafasi. Kwa hiyo safari ya neno ni mavi, kisha matope, kisha udongo tu. Limekuwa likijisafisha karne kwa karne.

#21 Kijana wa Sinza
Sasa wakuu mimi nina swali la mtaani na sitaki mnicheke. Huku tukisema jamaa "ana hela chafu" hatumaanishi kaiba. Tunamaanisha anazo NYINGI. Hela chafu, magari machafu. Hii imetoka wapi? Nadhani ni "filthy rich" ya Wazungu, mtu kaiona kwenye filamu akaitafsiri.

#22 Wa Eastlando
Hapana bro. Huku Nairobi tunasema "nimechoka mbaya", "nampenda mbaya". Hiyo "mbaya" haijatoka filamu yoyote. Neno baya linakazia tu. Na nyinyi Wabongo si mnasema hatari, balaa, noma? "Anaimba balaa" ni sifa. Chafu ni kaka yao.

#23 Bint Mrima
Mimi naona imetoka kwenye kuvuruga, nilivyosema #5. Mtu "akichafua meza" baa, si ameimwagia supu. Ameijaza vinywaji na nyama mpaka hapana pa kuweka kiwiko. Wingi ukizidi, mpangilio unakufa. Hela chafu ni hela zilizotapakaa, hazipangiki.

#24 Wakala Kurasini
Nyote mnazunguka. Hela chafu ilianza na maana yake ya kawaida: hela ya unga, ya pembe, ya magendo. Watu wakaona wenye hizo ndio wenye nyingi, wizi ukasahaulika ukabaki wingi. Tanzania sheria ya kudhibiti fedha haramu ni ya 2006, Kenya yao ni ya 2009, na magazeti yakaanza kuandika "utakatishaji fedha" kila wiki. Maana ya mtaani imepanda gari hilo hilo.

#25 Kijana wa Sinza
Boss wangu, mimi "hela chafu" nimeisikia nikiwa primary, na hatukuwa tunasoma habari za mahakama.

#26 Mwalimu wa Kwaya
Kuhusu hiyo "filthy rich" #21, wengi wanaitoa kwenye "filthy lucre", yaani faida chafu, ambayo ni ya Biblia ya Kiingereza. Mfasiri Tyndale aliiweka kwenye Agano Jipya lake la 1526, King James ya 1611 ikaibakiza. Lakini hapa ndipo nataka mtazame. Biblia ya Kiswahili, Union Version ya 1952, Tito 1:7 haisemi mapato machafu. Inasema "mapato ya aibu". Na neno la Kigiriki pale ni la aibu kweli, halihusiani na kuoga. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa karibu zaidi na asili kuliko Mwingereza. Kwa hiyo mtu wa hapa asingeokota "hela chafu" kanisani, sisi tulipewa aibu.

Kalamu, hata wewe ukikwama, usione haya kuliacha "chafu" ukachukua neno la jambo lenyewe.

#27 Kalamu Nyeusi
Mwalimu, hii ndiyo posti bora ya uzi kwangu. Nafanya hivyo kuanzia leo kwa "dirty tricks", nitaandika hila.

#28 Mswahili Coventry
Ongezeni na hii katika kapu la Wa Eastlando. Waingereza wa huku kazini wanasema "a dirty great lorry". Si lori chafu, ni lori likubwa kupita kiasi. Mimi nilifika nikidhani linahitaji kuoshwa, msimamizi akacheka. Yaani "dirty" linakazia ukubwa. Basi nao wamefanya alichofanya kijana wa Sinza, na hakuna aliyemwigiza mwenzake.

#29 Mama Upendo (Oslo)
Naandika kutoka Norway na nimeshtuka kusoma #20. Hilo "drit" lipo hai hapa! "Dritt" ni mavi, hata watoto wanakatazwa. Lakini vijana wanalibandika mbele ya kila sifa: "dritbra" ni nzuri sana, "dritgod" chakula kitamu sana. Na tajiri kupindukia ni "dritrik". Mzizi ule ule wa Kalamu, kazi ile ile ya Sinza.

#30 Wa Eastlando
Kesi imeisha. Nawashukuru mawakili wangu wa Coventry na Oslo.

#31 Bint Mrima
Haijaisha popote. Mmeonyesha kwamba lugha nyingine zimefanya hivyo. Hamjaonyesha kwamba Kiswahili kilipita njia hiyo. "Kuchafua meza" mnaiwekaje? Kile ni kitenzi, na "balaa" haina kitenzi.

#32 Wa Eastlando
Dada yangu, kitenzi kinaweza kufuata kivumishi.

#33 Bint Mrima
Na kivumishi kinaweza kufuata kitenzi, mdogo wangu.

#34 Mama Shani
Mmeongea pesa, meli na mafuta. Kuna maana moja hamjaigusa, na sisi wanawake tunaijua. Mwanamume akiitwa "mchafu" mtu anafikiria kwapa. Mwanamke akiitwa "mchafu" linafikiriwa jiko lake, na papo hapo zinafikiriwa nyendo zake. Neno moja linamhukumu mara mbili. Nimeona ndoa ya jirani ikivunjwa na neno hilo, wazee wakalitafsiri kila mmoja kwa lake, huyu anauliza vyombo, huyu anauliza simu.

Kiingereza wana neno lao zito la kumtukana mwanamke malaya, linaloanza na "slu", nalo zamani lilimaanisha mwanamke asiyejua kutunza nyumba. Njia ile ile. Na mzee anayesumbua mabinti wanamwita "dirty old man", lakini sisi tuna neno la haki zaidi, mkware. Mkware linasema alichofanya. Naomba wafasiri mlitumie.

#35 Sista wa Zamu
Dada, ndiyo. Wodini wanawake wenye fistula, wanaovujwa na mkojo au kinyesi bila kujizuia, huitwa hivyo na ndugu zao. Ni ugonjwa wa uzazi uliokwama, unatibika kwa upasuaji, na neno hilo ndilo linalowafanya wajifiche miaka.

#36 Maktaba ya Kijiji
Mama Shani umesema jambo kubwa. Nami naongeza neno linaloficha watu: "Vita Vichafu" vya Argentina, 1976 hadi 1983, utawala wa kijeshi ulipokuwa ukiwateka na kuwapoteza wapinzani wake. Tume ya serikali ya mwaka 1984 iliorodhesha waliopotezwa 8,961, mashirika ya haki yanasema wanafika 30,000. Mashirika hayo hayalipendi jina hilo, yanasema kuliita vita ni kudai kulikuwa na pande mbili zinazopigana. Yanataka iitwe ugaidi wa dola.

#37 Mtu wa Lushi
Hiyo ni Kihispania ndugu, "sucia". Tunarudi pale pale, si Kiingereza peke yake.

#38 Shabiki wa Jukwaa la Mzunguko
Mpira hamjautaja? Wao wanasema beki "dirty". Sisi tunasema anacheza rafu, na rafu tumeitoa kwa Kiingereza "rough". Yaani tulikopa neno lao jingine kabisa. Na mtaani mtu asiyejipenda, shati nje, nywele hazijachanwa, naye ni "rafu". Kwa hiyo rafu yetu imebeba nusu ya "dirty" bila wenyewe kujua.

#39 Kijana wa Sinza
Mwamba huyu katoka benchi kapiga bao.

#40 Kalamu Nyeusi
Rafu nzuri sana. Jamani jambo moja: naona kwenye tafsiri mpya watu wanaandika "usifue nguo chafu hadharani". Imeletwa nzima nzima kutoka ng'ambo. Tunayo yetu, aibu ya maiti aijuaye mwosha.

#41 Bint Mrima
Na siri ya mtungi aijuaye kata.

#42 Fundi Data
Narudi kwa Baharia #4. Meli iliyobeba mafuta ghafi, inaweza kubadilishwa ikabeba safi? Kwetu ukurasa unasafishwa kwa sekunde.

#43 Baharia Mstaafu
Inaweza, ila ni gharama. Unaosha matangi, mabomba na pampu, unatoa mabaki yote, unapitisha kwanza mzigo usio na masharti makali, kama dizeli, na ukishajiridhisha ndipo unafikiria petroli au mafuta ya ndege. Wenye meli wengi hawapendi kurudi nyuma, wanaona soko la "safi" linawakwepa kwa historia ya meli.

Lakini mfano mkubwa mnao hapo hapo Dar. Bomba la TAZAMA, Kigamboni hadi Ndola, kilomita 1,710, lilianza kazi 1968 na kwa miongo limepeleka mafuta ghafi Zambia. Mwaka 2023 likageuzwa kupitisha dizeli. Bomba lililokuwa la "dirty" sasa la "clean".

#44 Wakala Kurasini
Linaoshwaje bomba la urefu huo? Huwezi kuingia na brashi.

#45 Baharia Mstaafu
Kwa mabomba marefu kwa kawaida kunaingizwa kifaa kinachobana kuta, kinasukumwa na mafuta yenyewe toka kituo hadi kituo, kinakwangua njia nzima. Kiingereza kinaitwa "pig".

#46 Kijana wa Sinza
Ng'ombe, sasa nguruwe. Ustadh upo?

#47 Ustadh Barazani
Nipo kijana. Chuma hicho hakina neno. Ila mzee Baharia, yale mafuta ya mwanzo yanayopita baada ya kukwangua, na yale yanayokutana mpakani, ghafi huku na dizeli kule, yanakwenda wapi?

#48 Baharia Mstaafu
Swali zuri sheikh. Yanapokelewa kwenye tangi la peke yake. Yanachukuliwa sampuli, wanapima rangi, salfa, na joto la kuwaka. Yakishindwa hayaingii kwenye dizeli ya kuuza. Yanarudishwa kusafishwa kiwandani, au yanauzwa kwa bei ya chini kwa wenye matanuri. Na kila tangi linalofuata linapimwa tena mpaka vipimo vitulie.